Kwetu ni Katumba
Hotuba ya mgeni rasmi katika mahafali ya kidato cha nne

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu na wafanyakazi wote, viongozi wa dini, wazee wetu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu ambao ndio mliotukutanisha hapa leo: Tumsifu Yesu Kristu, Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, na kwa wazee wangu walioketi pale upande wa kivuli, amahoro.

Mshereheshaji amenitambulisha kuwa ni mgeni rasmi. Nimelipokea neno hilo kwa heshima, kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi ya mahafali, lakini naomba mniruhusu nilisimamie kidogo kabla sijaendelea. Nilizaliwa mwaka 1985 katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka chini ya turubai hili. Nimechota maji katika kijito mnachokivuka mkija shuleni, nimepukuchua mahindi hadi vidole vikatoka malengelenge, na nimejifunza saa kwa kusikiliza honi ya treni inayotoka Mpanda kwenda Tabora. Hata hivyo, kwa miaka 29 ya kwanza ya maisha yangu nilikuwa mgeni mahali hapa kwa mujibu wa sheria: mkimbizi, mtoto wa mkimbizi kutoka Burundi, ambaye mwenyewe sikuwahi kukimbia kutoka popote. Kwa sababu hiyo sitawapa leo nasaha za kusoma kwa bidii, ambazo walimu wenu wamewapa kwa miaka minne na kwa ufasaha kuliko nitakavyoweza mimi. Nitazungumza juu ya swali moja ambalo kila mmoja wenu ataulizwa mara tu atakapovuka Mpanda, nalo ni hili: "Kwenu ni wapi?"

Katika nchi yetu swali hili huulizwa kwa wema. Utaulizwa na abiria mwenzako ndani ya basi, utaulizwa bwenini usiku wa kwanza, utaulizwa na wazazi wa mchumba siku ya posa, na anayeuliza anatafuta tu mahali pa kuanzia utani. Mtu aliyezaliwa Ilala, akasoma Ilala na kuolewa Ilala, akiulizwa atajibu bila kusita kwamba kwao ni Bukoba, au Same, au Songea, ingawa huenda amefika huko mara mbili tu, na mara zote kwa msiba. Hakuna anayemshangaa, kwa maana sote tunaelewa kwamba "kwetu" katika Kiswahili chetu ni pale walipolala babu na bibi. Mtoto wa Katumba alipoulizwa swali hilo, alikosa la kujibu. Akisema Katumba, aliambiwa, "Hapana, nauliza kwenu hasa." Akisema Burundi, alikuwa ametaja nchi ambayo hajawahi kuiona hata milima yake, na tena alikuwa amejitia mashakani.

Wazee wanajua tulivyofika hapa, lakini najua kwamba vijana wengi mmesikia vipande tu, kwa sababu wazee wetu waliona ni afadhali kunyamaza. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wakauawa. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoendelea kwa miezi, yakiwalenga Wahutu, na zaidi wale waliokuwa wamesoma: walimu, makarani, wauguzi, askari, na hata wanafunzi wa sekondari. Makadirio ya waliouawa yanaanzia watu laki moja na kufika laki tatu. Warundi wanayaita mauaji hayo ikiza, yaani balaa linaloifagia nchi nzima. Baba yangu alikuwa na miaka 17, mwanafunzi kama ninyi. Alinisimulia mara moja tu, nikiwa tayari mtu mzima, kwamba walikuja watu na orodha, wakasimama mlangoni mwa darasa, wakaanza kusoma majina, na kila aliyesomwa aliinuka akatoka nje kwenye lori. Jina lake halikufikiwa siku hiyo. Usiku alitoroka, akatembea hadi ziwani, akavuka Tanganyika kwa mtumbwi hadi upande wa Kigoma, na tangu hapo hakuingia tena darasani maisha yake yote.

Nchi hii ilimpokea, na haki inanitaka niseme hivyo kwa sauti. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitenga ardhi, si mahema ya kungojea huruma: Ulyankulu mwaka 1972, hapa Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978 baada ya Ulyankulu kujaa na maji kupungua. Kila kaya ilipimiwa shamba, ambalo hapa kwetu lilifika hekta 5, ikapewa mbegu, shoka, panga na jembe, pamoja na chakula cha kuvusha hadi mavuno. Hapa palikuwa na miombo mitupu, mbung'o na malale. Wazee hawa mnaowaona waliifyeka misitu hiyo kwa mikono, wakapanda mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mashirika ya misaada yalikuwa yameondoka, kwa sababu makazi haya yalikuwa yakijilisha yenyewe na kuuza ziada kwa majirani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeitafakari methali hiyo kwa miaka mingi, kwa kuwa wazazi wangu waliitimiza neno kwa neno. Jembe walipewa, nao wakalima. Jambo ambalo methali imelinyamazia ni siku ya nne. Haikusema ni baada ya misimu mingapi ya kulima ambapo mwenye jembe anaacha kuitwa mgeni, na ukimya huo ndio uliokuwa maisha yetu kwa miaka 42.

Ninyi vijana hamkukijua kibali. Mtu hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila karatasi yenye mhuri, inayosema anakwenda wapi, kwa shughuli gani, na atarudi lini. Nikiwa na miaka tisa, dada yangu mdogo alipandwa na homa kali, na zahanati ikashauri apelekwe Mpanda. Baba alikwenda kuomba kibali asubuhi akaambiwa mwenye mhuri hayupo. Alirudi mchana, akarudi jioni, akarudi kesho yake. Nakumbuka karatasi ile ilipopatikana: alikuwa ameikunja mara nne, akaitia ndani ya mfuko wa nailoni uliokuwa wa sukari, akaufunga kwa uzi, na njia nzima kwenye treni mkono wake haukutoka mfuko wa shati. Dada yangu alipona, namshukuru Mungu. Lakini mimi nilijifunza siku ile kwamba mtu mzima, mwenye shamba, mwenye watoto, anayelipa ushuru wa mazao kama mkulima mwingine yeyote, anaweza kuogopa karatasi ikilowa jasho.

Na moyo wa wazazi wetu haukuwa mahali pamoja. Nisiposema hivyo nitakuwa nimewadanganya. Mwaka 1993, nilipoanza darasa la kwanza, Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kushika kiti hicho, alichaguliwa kuwa Rais wa Burundi mwezi Juni, na hapa Katumba palikuwa na nderemo. Mama alitoa sanduku la bati chini ya kitanda, akalipanga: vitenge, sufuria mbili, Biblia, picha moja ya harusi. Sanduku lile lilihamia karibu na mlango. Tulizoea kulizunguka tukiingia na kutoka, na mama aliniambia kwamba imuhira, yaani nyumbani, kuna milima ambayo asubuhi huamka imejifunika ukungu. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Ndadaye aliuawa, na vita vikaanza. Mama hakulia mbele yetu. Siku moja nilirudi shuleni nikakuta sanduku limerudi chini ya kitanda, na sufuria zote mbili ziko jikoni. Hakuna aliyesema neno, na mimi sikuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Mwaka 2000 nilipata nafasi katika shule ya bweni mkoani Tabora, na usiku wa kwanza nikaulizwa lile swali. Nikajibu, "Kwetu ni Kasulu." Wengi wetu tulifanya hivyo. Kirundi na Kiha, lugha ya Waha wa Kasulu, ni ndugu wa karibu, na Mrundi akijiita Muha, masikio ya wengi hayatagundua. Nilikata hata jina. Nilizaliwa nikapewa jina la Kirundi, kama wenzangu walivyoitwa Nzeyimana, namtumaini Mungu, au Bigirimana, mambo ni ya Mungu. Wazazi wetu walitupa majina kama dua. Mimi dua ile niliiacha nyumbani, nikabaki na jina la ubatizo na jina la babu lililofupishwa hadi likawa halina kabila.

Kitanda cha pili kutoka changu alilala msichana wa Kiha, mzaliwa wa Kasulu kwelikweli. Jumapili ya kwanza aliniuliza kijiji chetu ni kipi. Nikataja jina nililolisikia kwa baba. Akaniuliza kanisa letu liko upande gani wa soko, nami nikanyamaza, nikajua nimekwisha. Alinitazama kwa muda, kisha akachukua kijiti, akachora ardhini: hapa ni soko, hii ni njia ya kwenda Heru Juu, hapa kuna mto, nyumba yetu ipo hapa, na ukiulizwa tena sema kwenu ni jirani na kwetu. Kwa miaka minne alinilinda kwa kijiji chake. Likizo moja alinipa barua ya kumpelekea mama yake salamu, akijua kwamba sitafika Kasulu, ili wenzetu waione mkononi mwangu. Nimeishi na wema huo hadi leo, na pamoja nao aibu. Kwa kuwa kila nilipojibu "kwetu Kasulu" nilimfuta baba yangu aliyefyeka miombo, na mama na sanduku lake, nikawaweka mahali pasipojulikana.

Mwaka 2007 na 2008 tuliulizwa rasmi, familia kwa familia, kama tunataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Mnajua jinsi jamii zetu zilivyogawanyika wakati ule. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi, na wengine wote, karibu watu 172,000, wakaomba kubaki. Baba alisema tunabaki. Mdogo wake alisema yeye hawezi kufa bila kuiona tena Rumonge, akapanda basi na watoto sita. Alikuta shamba la babu lina familia nyingine iliyokuwa imeishi pale kwa miaka 30 na zaidi, nayo pia ina watoto na makaburi yake. Kesi za ardhi za namna hiyo zilikuwa nyingi mno hata serikali ya kule ikawa imeunda tume maalumu. Binamu zangu, waliosoma hapa kwa Kiswahili, waliingizwa madarasa yanayofundishwa kwa Kirundi na Kifaransa, wakarudishwa nyuma miaka miwili au mitatu, na wenzao uwanjani wakawaita "Watanzania". Watoto waliokataliwa jina hilo huku, walipewa huko kama la kuwasimanga. Mwaka 2015, machafuko yaliporudi, wawili kati yao walivuka tena ziwa hadi Kagunga, wakachukuliwa na meli ya Liemba hadi Kigoma, wakaishia kambi ya Nyarugusu. Waliondoka nchi hii bila kulazimishwa, wakarudi kama wakimbizi katika nchi waliyozaliwa.

Sisi tuliobaki tulisaini kuukana uraia wa Burundi, kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Kufikia mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikuwa yamekubaliwa. Kisha vyeti vikazuiliwa. Mpango wa wakati ule ulikuwa makazi yafungwe na watu watawanywe katika mikoa mingine, na cheti kikutangulie huko uendako. Basi kwa miaka minne tulikuwa tumekwisha kuikana nchi moja, na nyingine haijatukabidhi karatasi. Watu waliacha kujenga. Ukuta ukipasuka ulizibwa kwa udongo, kwa kuwa nani angechoma tofali za nyumba ambayo huenda ataihama mwezi ujao? Baba, ambaye kila mwaka alikuwa akipanda mche mmoja wa mwembe mvua zinapoanza, aliacha kupanda. Alifariki mwaka 2012, hana nchi yoyote kwa karatasi. Tulimzika hapa, chini ya mwembe alioupanda mwaka niliozaliwa.

Mpango wa kututawanya uliachwa, na mwezi Oktoba 2014, katika awamu ya Rais Jakaya Kikwete, vyeti vikaanza kutolewa. Niliposhika changu sikuruka wala kupiga vigelegele kama wengine. Nilisoma jina langu. Lilikuwa lote, majina matatu, pamoja na lile la Kirundi nililolikata, limeandikwa kwa wino mweusi bila kosa hata la herufi moja. Nilikaa chini pembeni mwa foleni nikalisoma tena na tena hadi mama akanishika bega. Mwaka uliofuata mama alipiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akiwa na miaka 58. Mimi nikaomba chuo cha uuguzi, na leo ni mkunga.

Tangu siku ile tumepewa jina lingine, na tunaliitika wenyewe: raia wapya. Maofisa wanalitumia katika mikutano, majirani wanalitumia sokoni, na nimewasikia hata baadhi yenu mkilitumia. Naelewa lilikotoka; palihitajika neno la kututenganisha na wakimbizi waliofika baadaye. Lakini sheria haina daraja linaloitwa raia mpya, na neno "mpya" likiachwa bila tarehe ya kuisha linafanya kazi ileile iliyofanywa na kibali: linamruhusu mtu kuingia huku likimkumbusha kwamba anaweza kuulizwa. Nguo mpya hufuliwa ikawa nguo. Mwalimu mpya akimaliza muhula wa kwanza ni mwalimu. Kwa heshima zote nawaomba viongozi mlio hapa, mkisimama katika mikutano ya kijiji, mtuite wananchi. Hata lile swali la ardhi ya makazi haya, mipaka yake na hati zake, litajadiliwa vizuri zaidi na wananchi wa Katumba kuliko na raia wapya wanaoogopa kuinua mkono.

Na ninyi wahitimu, wengi wenu mlikuwa mgongoni mwa mama zenu au ndio mmeanza chekechea vyeti vilipotolewa. Kazini kwangu najaza kadi za kliniki za watoto. Kuna nafasi ya jina la kijiji, na mara nyingi mama wa hapa, akiwa bado amechoka na uchungu, hunong'ona anapoitaja Katumba, kama niliyekuwa mimi bwenini. Mimi humwambia arudie, ingawa nimeshasikia, kisha naandika kwa herufi kubwa. Mkiulizwa kwenu ni wapi, mjue kwamba kipimo cha nchi hii ni pale walipolala babu na bibi. Babu wa watoto wangu amelala mita mia chache kutoka hapa, chini ya mwembe, na mwaka jana mwembe ule ulizaa hata matawi yakategemezwa kwa miti. Babu zenu wengi wapo makaburi yaleyale. Mnao pia, wengi wenu, babu wengine ng'ambo ya ziwa, ambao makaburi yao hayajulikani. Msiwakane hao ili mkubaliwe na hawa. Mama yangu mpaka sasa husali kwa Kirundi na kubishana bei ya maharage kwa Kiswahili, na sijamwona hata siku moja akichanganyikiwa.

Mkuu wa Shule ameniambia kwamba kazi yangu iliyobaki ni kusoma majina na kukabidhi vyeti. Wapo wahitimu 87. Nimeiona orodha asubuhi, nikaona baadhi ya majina ya kati yamebaki herufi moja na nukta. Nimewaomba walimu waniandikie kwa ukamilifu, nao wamekubali, nawashukuru sana. Nitasoma majina yote matatu ya kila mmoja, polepole, na kama nikikosea matamshi, mhusika anisahihishe hapohapo. Utakaposikia jina lako, inuka, na kabla hujapokea cheti taja unakotoka, kwa sauti ambayo wazee pale kivulini wataisikia. Naomba orodha.